Kupanda, Kupandishwa na Kuingia: Kituo cha Basi kama Kipimo cha Uraia

Kiswahili kinaujua ukweli mmoja kuhusu usafiri wetu ambao sera zetu bado hazijaukiri. Hatusemi kwamba tunaingia katika basi. Tunasema tunapanda basi, kwa kitenzi kile kile tunachokitumia kwa mlima, kwa mnazi na kwa ngazi ya fundi. Tukifika tuendako, tunashuka. Msemaji wa kwanza aliyelitaja gari kwa namna hiyo hakuwa mshairi. Alieleza tu kile ambacho mwili wake ulikuwa unakifanya. Kusafiri katika nchi hii ni kukwea, na asiyeweza kukwea hubaki chini.

Katika makala haya nataka kulijadili jambo ambalo wengi wetu huliona dogo mno kiasi cha kutostahili kalamu ya mwanazuoni, yaani mahali pale ambapo mguu wa abiria unaiacha ardhi na kuikanyaga ngazi ya kwanza ya gari. Pengo hilo la sentimita chache hupangwa na wahandisi, hugharamiwa na halmashauri, husimamiwa na mamlaka za udhibiti, na hatimaye huamua nani atafika hospitalini, sokoni, shuleni na katika kituo cha kupigia kura. Kwa hiyo pengo hilo ni suala la siasa, hata kama halijawahi kutajwa katika hotuba yoyote ya kampeni niliyopata kuisikiliza.

Nitaanzia nyumbani, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kuliona. Mdandu ni kata katika Wilaya ya Wanging'ombe, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 pamoja na Mkoa wetu wa Njombe. Mtu wa Mdandu mwenye shida kubwa huenda Njombe, na mwenye safari ndefu huelekea Makambako. Shangazi yangu, aliyevuka miaka sabini, alivunjika nyonga miaka kadhaa iliyopita na tangu hapo hutembea kwa gongo. Kila mwezi anatakiwa kuhudhuria kliniki. Magari yapo, nauli hupatikana kwa kuchangiana, na ndugu wa kumsindikiza hakosekani. Kikwazo chake ni ngazi.

Ili msomaji asiyepajua kwetu aelewe, nieleze jinsi kikwazo hicho kinavyofanya kazi. Mabasi mengi yanayotumika katika njia zetu yamejengwa juu ya chesisi za malori, kwa sababu zinastahimili mashimo na matope. Sakafu yake kwa hiyo iko juu sana, na ngazi ya kwanza humfikia mzee karibu na goti. Barabara nayo imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Dereva husimamisha gari juu, pale pakavu, wakati abiria amesimama chini, kwenye bega la barabara au ukingoni mwa mtaro. Masika yanapokolea, dereva mwenye busara hathubutu kabisa kuliacha tabaka gumu, asije akanasa. Ngazi iliyokuwa ya magotini huwa ya mapajani. Mhandisi wa basi amefanya kazi yake sawasawa, mhandisi wa barabara naye vivyo hivyo, na dereva pia. Hakuna aliyefanya kazi ya kuwakutanisha hawa watatu, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa kituo.

Shangazi, basi, hapandi. Hupandishwa. Kijana mmoja hutangulia ndani na kumvuta mikono. Mwingine hubaki chini na kumsukuma kwa nyuma. Nimeona akipandishwa hivyo mara nyingi, na vijana hao hufanya kwa moyo mwema, wakimwamkia kwa adabu zote. Lakini niliwahi kumwuliza kwa nini siku za kliniki huvaa suruali ndani ya kitenge, naye akanijibu bila kulalamika, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Mwanangu, ukisukumwa mbele ya stendi nzima, lazima ujisitiri mwenyewe mapema."

Nimeshasoma vitabu vingi kuhusu utu na hadhi ya binadamu, na nimewafundisha wanafunzi wangu baadhi yake. Sijui kama kuna sura iliyonifunza zaidi ya sentensi hiyo. Mama mzima, aliyelea watoto wake na wa wenzake, hulazimika kupanga mavazi yake kwa kuzingatia kwamba atashikwa na wageni hadharani. Na siku nyingine hata huko kushikwa hakupatikani. Kondakta humtazama, huhesabu dakika zitakazopotea, kisha humwambia, "Bibi, subiri linalofuata, hili limejaa," hali viti vinaonekana dirishani. Sasa Shangazi huhudhuria kliniki mwezi mmoja na kuuruka mwingine. Katika daftari la hospitali atasomeka kama mgonjwa asiyefuata ratiba. Hakuna safu ya kuandikia kwamba ratiba ilimshinda kimo.

Vitenzi hivi viwili, kupanda na kupandishwa, vinatosha kueleza hali ya Watanzania wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya wenzetu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Ongeza mama mjamzito, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mzee wa magoti, mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mkulima mwenye ndoo ya maparachichi. Ukimaliza kuhesabu, utagundua kwamba abiria ambaye basi letu lilijengwa kwa ajili yake, yaani kijana mwenye afya, mikono mitupu na miguu mirefu, ndiye mchache.

Kuna wanaosema kwamba hali hii haiepukiki, hasa katika miji ya zamani ambako barabara ni nyembamba na majengo hayasogezwi. Hoja hii inastahili kupimwa kwa mifano halisi, na mfano wa kwanza tunao hapa hapa nchini. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Dar es Salaam, katika njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, jumla yapata kilomita 21. Njia hiyo inapita katikati kabisa ya mji wa kale, ufukweni, ambako makanisa mawili yaliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yangali yamesimama. Hapo Posta ya Zamani, mahali pembamba na penye historia nzito, ndipo palipojengwa vituo ambavyo sakafu yake iko usawa mmoja na sakafu ya basi. Abiria hupita mteremko mfupi kutoka barabarani, hukata tiketi, kisha husubiri juu ya jukwaa. Basi likifika, hutembea moja kwa moja hadi ndani.

Siku ya kwanza nilipoutumia usafiri huo, nilikuwa nyuma ya bwana mmoja mwenye kitimwendo. Mlango ulipofunguka, alisukuma magurudumu yake mwenyewe, akavuka, akajigeuza, akafunga breki. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemsifu wala kumhurumia. Nilijiambia kwamba nimeshuhudia kitenzi cha tatu: bwana yule hakupanda wala hakupandishwa. Aliingia.

Sisemi kwamba mfumo ule umekamilika. Msongamano wake umejadiliwa mno magazetini na bungeni, na jukwaa zuri halimsaidii mwenye magongo iwapo mlango umezibwa na umati unaogombea nafasi. Tena, kituo kilicho sawa hakimfai mtu ambaye njia ya kutoka kwake hadi kituoni ina mitaro isiyofunikwa, wala atakayelazimika kumalizia safari kwa daladala yenye ngazi zile zile. Lakini somo moja haliwezi kufutwa: mji mkongwe haukuzuia chochote. Palipokuwa na uamuzi na fedha, sentimita zilipatikana. Visingizio vya historia vilinyamaza.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya bahari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na vichochoro vyake havipitiki kwa basi lolote. Kwa miaka mingi daladala zilikusanyika pembezoni mwake, Darajani, kando ya barabara iliyojulikana kama Creek na sasa inaitwa Benjamin Mkapa, pale ambapo zamani palikuwa na hori na daraja kabla hori halijafukiwa. Maana yake ni kwamba mkazi wa Shangani au Malindi asiyeweza kutembea mwendo mrefu hutegemea ubora wa kila hatua kati ya mlango wake na barabara hiyo: jiwe lililong'oka, mfereji, ngazi, pikipiki iliyoegeshwa.

Watu wengi hudhani kwamba kuhifadhi urithi na kuwafungulia njia wenye ulemavu ni mambo mawili yanayopingana. Mimi naona Mji Mkongwe wenyewe unatupa jibu, nalo ni baraza. Kila aliyepita vichochoro vile ameziona: viti vya mawe vilivyoshikamana na kuta za nyumba, pande zote mbili za mlango. Mwenye nyumba alimjengea mpita njia mahali pa kukaa. Mzee akichoka alikaa. Mgeni akisubiri alikaa. Mvua ikinyesha na njia ikageuka kijito, baraza ikawa njia ya juu ya kupitia. Waswahili wa pwani walijenga mahali pa kungojea, pa kupumzikia na pa kuinukia bila ya kusubiri kanuni ya ujenzi kutoka popote. Baraza ni heshima kwa mwili uliochoka, iliyofanywa kwa mawe na chokaa. Leo tunajenga vituo visivyo na kiti, au tunaweka bomba la chuma la kuegemea, na tunaita hayo maendeleo.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini hali ya miji ni tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu. Makambako haukuzaliwa ngomeni wala bandarini. Ni mji wa njia panda: hapo barabara ya Tanzania na Zambia huachana na barabara ya Njombe na Songea, na hapo hapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake. Ukitafuta kitovu cha kihistoria cha Makambako, hutapata kasri. Utapata mahali pa kushukia. Watu walishuka, wakauza vitunguu, wakajenga gesti, wakajenga maduka, mji ukawa mji. Kwa miji ya namna hiyo kituo ndiyo historia yenyewe. Mji uliotokana na kituo halafu ukashindwa kumpokea abiria mwenye gongo umemsahau mzazi wake.

Kwa nini basi tunashindwa? Sheria tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayotambua haki ya kuyafikia majengo, barabara na huduma za umma. Tatizo, kwa maoni yangu, ni mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za wilaya ni za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Stendi ni ya halmashauri, ambayo hukusanya ushuru wake. Leseni ya basi ni ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Kimo cha ngazi kinategemea vyote vinne: kimo cha barabara, kimo cha bega lake, kimo cha jukwaa na kimo cha sakafu ya gari. Kituo cha basi ni yatima mwenye baba wanne. Kila baba ukimwuliza, atakuonesha mlango wa mwenzake, na kwa karatasi atakuwa sahihi.

Angalia pia jinsi mkono mmoja wa serikali unavyotengua kazi ya mkono mwingine. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Ni sera ninayoiunga mkono. Lakini mtu aliyekopeshwa mtaji wa kuuza viazi, halafu akashindwa kupanda gari la kwenda sokoni, atakodi bajaji. Bajaji ina sakafu ya chini. Mwenye miguu dhaifu huketi kwanza, kisha huingiza miguu. Kwa hiyo gari linalofaa zaidi kwa mwili wake ndilo lenye nauli kubwa zaidi. Tofauti ya nauli ile, kila siku ya soko, ni kodi anayotozwa kwa sababu ya kimo, na hukatwa kutoka katika mkopo ule ule aliopewa na halmashauri ile ile inayomiliki stendi.

Vivyo hivyo na desturi yetu ya kuhamishia stendi pembezoni mwa miji. Mabasi ya mikoani ya Dar es Salaam yaliondolewa Ubungo na kupelekwa Mbezi Louis, katika stendi iliyofunguliwa Februari 2021. Sababu za kupunguza foleni zinaeleweka, na majengo mapya mara nyingi ni bora. Lakini kila stendi inaposogezwa, abiria huongezewa gari moja la kupanda na moja la kushuka. Kwa kijana hiyo ni nusu saa. Kwa mtu kama Shangazi ni kupandishwa mara mbili zaidi mbele ya umati mgeni.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba hatuna fedha za Dar es Salaam. Ni kweli, wala Mdandu haihitaji mabasi yaendayo haraka. Inahitaji jukwaa. Mji wa Curitiba nchini Brazili ulipoanza kutumia vituo vyake vilivyoinuliwa mwaka 1991, ulikuwa unatafuta njia rahisi kuliko kujenga reli ya chini ya ardhi. Katika mji wa Kassel, Ujerumani, wahandisi walibuni ukingo wa barabara wenye tumbo la mviringo, unaoliongoza tairi la basi hadi likakaribia jukwaa bila kujikwaruza. Jiwe tu, lililochongwa kwa kufikiri. Sisi tuna mawe, tuna tofali za kuchoma, tuna mafundi, na tuna mazoea ya kujenga madarasa na zahanati kwa nguvu za wananchi. Jukwaa la urefu wa mita chache, lililoinuliwa hadi usawa wa ngazi ya kwanza, lenye mteremko wa taratibu upande mmoja ambao kila sentimita 1 ya kimo imepewa sentimita 12 za urefu, lenye paa, baraza ya kukalia na nguzo ya kushikia, halizidi uwezo wa kijiji kilichojenga darasa.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa sababu limetoka katika jambo jema. Husemwa kwamba sisi Waafrika tunasaidiana. Mzee kwetu hakosi wa kumbeba. Nami nimekwisha kuwasifu vijana wanaomwinua Shangazi. Hata hivyo, msaada unaotolewa na mtu humtegemea mtu huyo: yupo au hayupo, ana haraka au hana, amekunywa au hajanywa. Mteremko wa saruji hauna haraka. Tena ukarimu wetu usiwe pazia la kufichia uzembe wa taasisi. Kijana akimbeba bibi kwa upendo, hilo ni pato la malezi yake. Serikali isilihesabu katika mafanikio yake.

Jibu la tatu husema kwamba wenye ulemavu hatuwaoni vituoni, kwa hiyo mahitaji ni madogo. Hoja hii inajijibu. Anayehesabu waogeleaji mtoni ili kuamua kama daraja linahitajika, atahitimisha kwamba watu wote wa ng'ambo wanajua kuogelea.

Nimalizie kwa yanayowezekana kabla ya bajeti ijayo. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaweza kuanza kwa kikao kimoja: maofisa wa zile taasisi nne wakutane stendi badala ya ukumbini, wakiwa na futi ya kupimia, pamoja na wawakilishi wa watu wenye ulemavu wa eneo lile, na wapime kwa pamoja kimo cha ngazi ya kwanza ya kila aina ya gari linalosimama pale. Namba ikishaandikwa na kusainiwa na wote wanne, yatima atakuwa amepata baba. LATRA inaweza kuyafanya mambo mawili kuwa sharti la leseni: gari lisimame kando ya jukwaa panapokuwepo jukwaa, na kondakta asimkatae abiria kwa sababu ya mwili wake. Wanafunzi wangu wa uhandisi, sheria na sayansi ya siasa wanaweza kufanya utafiti huo katika stendi za kwao wakati wa likizo; hauhitaji ufadhili, unahitaji futi na daftari.

Kwa wanaharakati nina ombi moja. Nchini mwetu neno baraza lina maana mbili. Lile la mawe nimelieleza. La pili ni Baraza la Madiwani, na majina hayo hayakulingana kwa bahati: watu walikaa juu ya jiwe, wakazungumza ya mji, na mazungumzo yakarithi jina la kiti. Nendeni kwenye baraza la pili mkadai la kwanza. Waulizeni madiwani wenu ushuru wa stendi wa mwaka uliopita ulikuwa kiasi gani, na ni shilingi ngapi kati yake zilizorudi katika saruji ya stendi hiyo. Jibu lolote watakalotoa liandikwe katika muhtasari, lisomwe tena kikao kinachofuata.

Shangazi yangu hatasoma makala haya, na hakuniagiza niyaandike. Kliniki yake ijayo ni wiki ya pili ya mwezi, na mvua zimeshaanza.